Feni Inazunguka, Gari Linachemsha: Uchambuzi wa Kisa cha Teksi Moja ya Tanga

Kisa hiki kinahusu gari dogo lililokuwa linachemsha kila likisimama na injini ikiendelea kunguruma, lakini likitembea linapoa lenyewe. Nimekiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi, na pia kwa wenye magari, kwa sababu maamuzi mengi ya kisa hiki yalikuwa ya fedha kabla hayajawa ya spana. Majina, namba ya gari na mitaa ya wahusika nimeviondoa, na gereji zilizoligusa gari kabla yetu sitazitaja.

Gari na kazi yake

Ni Toyota Carina Ti yenye injini 5A-FE ya petroli, ujazo wa cc 1,498. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini. Feni zake ni mbili, zote za umeme, zimekaa ubavu kwa ubavu nyuma ya rejeta: moja ni ya rejeta, nyingine inasaidia kiyoyozi. Mbele ya rejeta imesimama kondensa ya kiyoyozi, ile inayotupa nje joto la AC, kwa hiyo upepo unaoingia kwenye shoo ya mbele hupita kwanza kwenye kondensa, halafu kwenye rejeta, ndipo ufike kwenye injini.

Mwenye gari ni mama mtu mzima wa Ngamiani. Dereva ni mtoto wa kaka yake. Gari ni teksi, na kazi ya teksi Tanga ni kusimama kuliko kukimbia. Dereva huegesha stendi ya Kange kusubiri mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, abiria anapakia mizigo huku kiyoyozi kimewashwa. Mchana yuko mjini, Bombo na Raskazone. Mara nyingine hukodiwa kwenda Muheza, au Pangani, ambako akivuka kwenda Bweni hukaa kwenye foleni ya kivuko.

Hali ya hewa yetu haimsaidii. Joto la pwani ni la unyevu, upepo wa bahari una chumvi inayokula mapezi ya alumini ya rejeta, na anayepita sana Pongwe, kilipo kiwanda cha saruji, anarudi na vumbi jeupe lililojaa mbele ya gari. Zaidi ya hayo, madereva wengi hujaza rejeta maji ya kisima. Ardhi ya mwambao huu ni ya mawe ya matumbawe, na maji yanayotoka humo yana chokaa, mengine yana chumvi kabisa. Chokaa hiyo huganda ndani ya vimirija vya rejeta.

Malalamiko

Dereva alisema hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa humo: "Fundi, hili gari nikitoka hapa mpaka Muheza geji iko katikati, haitikisiki. Nikifika pale nikasimama kusubiri mtu, inaanza kupanda. Nikiondoka inashuka. Nikiwasha AC nimesimama, haifiki robo saa, maji yanatapika."

Nilimuuliza maswali mengine matatu kabla ya kufungua boneti. La kwanza, je, mlimani linachemsha? Akasema hapana, amepanda nalo hadi Amani likiwa na abiria kamili. La pili, alfajiri linachemsha? Linachelewa, lakini linachemsha. La tatu ndilo lililonikalisha chini: tatizo lilianza lini, na nini kilifanywa kwanza?

Gari linalochemsha likitembea kwa kasi au likipanda mlima lina shida tofauti na linalochemsha likisimama. Kwenye kasi na mlima injini inazalisha joto jingi, na kinachoshindwa mara nyingi ni njia ya maji: rejeta imeziba ndani, temostati (vali inayofunguka maji yakipata joto ili yaende rejeta) haifunguki vizuri, mpira wa chini unaopitisha maji ya rejeta unabanwa na mvuto wa pampu. Likisimama, injini inazalisha joto dogo tu, lakini upepo wa mwendo haupo. Rejeta inabaki kutegemea feni peke yake. Pampu ya maji nayo inazunguka polepole kwa kuwa inaendeshwa na injini. Kwa hiyo gari linalopanda Amani bila shida na kuchemsha Kange limeshatuambia lenyewe kwamba mirija ya rejeta inapitisha maji ya kutosha. Washukiwa wanabaki upepo, pampu iliyochoka, na mambo machache yanayoweza kuchangia, kama mfuniko wa rejeta.

Yaliyofanywa kabla ya kuletwa kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kisa kilipopindia.

Mwanzoni kabisa feni ya rejeta ilikufa. Haikuzunguka. Gari likaanza kuchemsha likisimama, jambo lililotarajiwa. Fundi rewaya, yaani fundi umeme wa magari, aliyelitazama aliligundua hilo bila shida, akasema mota ya feni imeungua, akanunuliwa mota ya mtumba. Mota ile ilitoka kwenye gari la aina nyingine na plagi yake haikuingia, hivyo akakata plagi, akaunganisha waya kwa kusokota, akafunga tepu. Akawasha, feni ikazunguka. Gari likaruhusiwa.

Kesho yake likachemsha tena Kange.

Kuanzia hapo kila aliyelishika gari alianza na sentensi moja: feni si tatizo, feni imeshabadilishwa, na ukitazama inazunguka. Gereji iliyofuata ikaondoa temostati na kuitupa. Halikupona. Ikafuata rejeta: ile ya awali ikatolewa na kuuzwa kama chuma chakavu, ikawekwa ya mtumba iliyo nyembamba kidogo kuliko ya mwanzo, na katika kuifunga, vipande vya sponji vinavyoziba pengo kati ya kava la feni na rejeta havikurudishwa. Halikupona. Ndipo likatolewa neno la mwisho: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, imekwenda, hedi ifumuliwe, ipelekwe mashineni ikasawazishwe uso. Gharama aliyotajiwa mama ingemaliza fedha zake za kikoba zote, na teksi ingekaa chini hadi kazi iishe.

Alikuja mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Mwanangu, mimi gari silijui. Nataka mtu anioneshe hiyo gasketi imekufaje kabla sijatoa hela." Ni ombi la haki kabisa. Mwenye gari anastahili kuoneshwa, na fundi anayeshindwa kuonesha bado hajapima.

Vipimo, kwa mpangilio tuliovifanya

Tulianza injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu maji yaliyobanwa ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiondoa mgandamizo yanachemka palepale na kukurukia usoni. Nimeona mikono iliyoungua kwa haraka ya aina hiyo.

Kiwango cha maji kilikuwa chini. Maji yenyewe yalikuwa na kutu nyepesi, bila kulanti, dawa ya kupoza inayochanganywa na maji. Oili ilikuwa safi kwenye kijiti na chini ya kifuniko chake, haina weupe wowote. Mfuniko wa rejeta ulikuwa na mpira uliopasuka na springi dhaifu. Kwa Toyota za kizazi hicho mfuniko mzima hufungua kati ya kilopaskali 74 na 103, na ukifungua chini ya 59 unatakiwa kubadilishwa. Huu ulipopimwa kwa pampu ya mkono uliachia chini sana ya hapo. Hilo ni muhimu: Tanga tuko usawa wa bahari, maji matupu yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 100, na mfuniko mzima ndio unaoyafanya yavumilie hadi kupita 115. Mfuniko mbovu unamaanisha gari linatapika maji mapema kuliko ambavyo lingetapika. Lakini haupandishi joto. Geji ilikuwa inapanda kwanza, ndipo maji yatapike, kwa hiyo mfuniko ulikuwa unazidisha madhara tu.

Kisha tukapima kile kilichotajwa kuwa ndicho, gasketi. Tuliwasha injini baridi mfuniko ukiwa wazi, tukatazama: hakuna mapovu yanayoendelea kutoka. Mpira wa juu haukuwa mgumu dakika za mwanzo, kama unavyokuwa gesi ya silinda inapoingia kwenye maji. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe wenye harufu tamu. Halafu tukatumia kipimo cha kemikali, kile cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kugeuka manjano kikikutana na gesi ya moshi. Kilibaki buluu. Mama alikuwa amesimama pembeni, tukamwonesha rangi ile. Gasketi ilikuwa nzima.

Sasa tukaacha injini ipate joto sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Geji ilipofika katikati na kuendelea kupanda, tukapima joto la mipira miwili ya rejeta kwa kipima joto cha mwanga. (Ulenge mpira mweusi, ukilenga bomba la alumini linalong'aa, kifaa hicho kinadanganya, kinasoma chini ya hali halisi.) Mpira wa juu, unaoleta maji ya moto kutoka injini, ulisoma 101. Wa chini, unaoyarudisha, ulisoma 98.

Tofauti ya nyuzi 3. Tafsiri yake ndiyo moyo wa upimaji huu. Kama rejeta ingekuwa imeziba, au maji hayazunguki, mpira wa chini ungekuwa baridi sana kuliko wa juu, kwa sababu maji ya moto yasingefika huko. Hapa maji yalifika vizuri tu, yakapita rejeta yote, na yakatoka karibu na joto lilelile yaliloingia nalo. Rejeta haikuwa inanyang'anywa joto. Na kitu pekee kinachonyang'anya rejeta joto ni hewa.

Bado palikuwa na pampu ya kuondoa shaka. Tukapandisha mzunguko wa injini hadi kama 2,000 kwa dakika, gari likiwa limesimama palepale. Pampu dhaifu ikizungushwa kasi hupata nguvu, na geji hushuka kidogo. Hapa geji iliendelea kupanda, haraka zaidi. Pampu ikaachwa.

Feni

Feni ya rejeta ilikuwa inazunguka muda wote huo. Kijana mmoja wa gereji alisema kwa uhakika, "Fundi, feni nzima, tazama." Na kwa macho kweli ilikuwa nzima. Inapozunguka kasi huwezi kuona inaelekea upande gani.

Tulichofanya hakikuhitaji kifaa. Tulichukua kipande cha karatasi ya tishu tukakisogeza mbele ya shoo, upande wa feni ile. Feni iliyo nyuma ya rejeta inavuta hewa kutoka nje kuelekea injini, kwa hiyo karatasi inatakiwa kunaswa na kubaki imeng'ang'ania shoo. Karatasi ile ilipeperushwa kuelekea kwetu. Tukasogeza upande wa feni ya kiyoyozi baada ya kuiwasha: ikanaswa. Feni mbili, pande mbili.

Kisha kila mmoja aliweka mkono. Nyuma ya rejeta, upande wa injini, ambako palitakiwa kuwe na hewa ya moto inayotoka kwa nguvu, palikuwa na hewa iliyotulia. Mbele ya bampa, miguuni, ndiko hewa ya moto ilikotoka.

Mota ya feni hii ni ya umeme wa moja kwa moja, yenye sumaku ya kudumu na waya mbili. Ukibadilisha waya chanya na hasi haigomi wala haiungui, inazunguka kinyume. Yule aliyekata plagi ya mota ya mtumba alisokota waya bila kuangalia mwelekeo. Mapanga ya feni yamepinda kwa ajili ya upande mmoja, yakizungushwa kinyume yanasukuma hewa mbele, tena kidhaifu.

Hapo maneno yote ya dereva yakapata mahali pake. Barabara ya Muheza upepo wa mwendo unatosha, maji hayafiki joto la kuwasha feni, feni imelala na haimdhuru mtu. Gari likisimama, joto linapanda hadi takriban nyuzi 93, swichi ya joto inaiamuru feni, na feni inaanza kuirudisha nje hewa iliyotakiwa iingie. Akiwasha kiyoyozi hali inakuwa mbaya zaidi: feni moja inavuta, ya pembeni yake inasukuma, hewa ileile ya moto inazunguka kutoka moja kwenda nyingine kupitia rejeta, na kondensa imeongeza joto lake juu.

Tulihakikisha na umeme wenyewe. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo swichi ya joto ya feni hufunga mzunguko injini ikiwa baridi na kuufungua ikipata moto, hivyo ukichomoa plagi yake wakati funguo imewashwa, feni inatakiwa kuzunguka hata kama injini ni baridi. Wahandisi walipanga hivyo makusudi, ili waya ukikatika, feni iwake badala ya kuzima. Tulichomoa, feni ikawaka, volti kwenye mota zilikuwa sawasawa. Swichi nzima, rilei nzima, fyuzi nzima. Waya mbili tu zilikuwa zimepishana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutofungua hedi. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoelekea huko, na hedi ya alumini ikifunguliwa bila sababu inaingizwa kwenye hatari mpya za kufunga vibaya, boliti kukazwa bila mpangilio, uso kukwaruzwa.

Wa pili ulizua ubishi kidogo pale gereji. Vijana walitaka tubadilishe kila kitu kwa mara moja, feni, mfuniko, temostati, kulanti, gari liondoke. Nilikataa. Tulipindua waya za feni peke yake, tukaziunganisha upya kwa kulehemu kwa risasi na kuzifunika kwa mpira unaojibana kwa joto, halafu tukawasha gari likiwa na mfuniko wake mbovu na bila temostati. Nilitaka kujua sehemu ya feni katika tatizo hili ni kubwa kiasi gani. Ukibadilisha vitu vinne pamoja na gari likapona, hujui ulichotibu, na mama asingejua alilipia nini.

Geji ilikaa katikati. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka. Tukawasha kiyoyozi. Ilikaa muda mrefu, halafu taratibu ikaanza kupita katikati.

Kwa hiyo palikuwa na la pili. Tukafungua kava la feni. Kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo mtu akitazama kwa mbele haoni, palikuwa pamejaa vumbi jeupe lililoshikana na nyuzinyuzi na mabawa ya wadudu. Tulisafisha kwa maji ya mpira wa bustani, mgandamizo mdogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Ukipuliza kwa mashine ya kuoshea magari unalaza mapezi ya alumini, na ukipiga maji kutoka mbele unauingiza uchafu ndani zaidi. Kisha tukaziba mapengo ya kava kwa sponji mpya. Pengo pale linafanya feni ivute hewa ya moto ya chumba cha injini kupitia pembeni, kwa kuwa hewa hufuata njia rahisi, na njia ya kupita rejeta ni ngumu kuliko pengo.

Mwisho tukaweka mfuniko mpya, temostati mpya, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kuhusu temostati nataka kusema wazi, kwa sababu desturi ya kuitoa imeenea mno huku pwani, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya kwamba kuiondoa kunapunguza uwezo wa kupoza, na kwamba isiondolewe hata gari likiwa na tabia ya kuchemsha. Temostati ya gari hili inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Temostati nzima haizuii maji kwenye joto la kuchemsha. Hapo imeshafunguka yote.

Tulijaza maji hita ikiwa wazi, tukibonyeza mipira ili hewa itoke, hadi feni ilipowaka na kuzima mara kadhaa na kiwango kisishuke tena.

Matokeo

Sailensa, kiyoyozi kimewashwa, jua la mchana: mpira wa juu 94, wa chini 83. Tofauti ya nyuzi 3 imekuwa 11. Dereva alirudi Kange, akaenda Pangani akakaa foleni ya kivuko na abiria wanne na AC. Halijatapika maji tena tangu hapo.

Halikupona kwa asilimia zote, na mama tulimweleza. Foleni ikiwa ndefu, jua kali, kiyoyozi kwenye baridi ya juu, geji inapita katikati kidogo halafu inarudi. Naamini ni ile rejeta nyembamba. Rejeta ya awali ingekuwepo tungeirudisha, lakini ilishauzwa. Mama aliamua kutonunua nyingine kwa sasa, na dereva amekubali kupunguza AC akiona foleni haisogei. Ni uamuzi ninaouheshimu. Gari liko salama ndani ya mipaka hiyo.

Tulimwambia pia kwamba injini iliyowahi kufika kwenye nyekundu mara nyingi inaweza kuja kudai baadaye. Dereva aangalie kiwango cha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Maji yakianza kupungua bila kuonekana yanakovuja, alete gari tupime gesi tena kwa ile rangi ya buluu.

Uchambuzi

Fundi rewaya wa kwanza alitambua ugonjwa sahihi. Hili lisipotee. Feni ndiyo iliyokuwa mbovu, na kuibadilisha kulikuwa ni jibu sahihi. Kilichoharibika ni utekelezaji, na gharama yake kubwa haikuwa ile siku ya kwanza gari lilipochemsha tena. Gharama ilikuwa kwamba matengenezo yaliyoshindwa yaliifutia feni shaka. Kila aliyefuata alihesabu, "feni mpya na bado linachemsha, basi si feni," akahamia kwenye kitu cha bei kubwa zaidi. Hesabu hiyo inaonekana ya busara, na ndiyo iliyotaka kumfikisha mama kwenye hedi. Kipuri kilichobadilishwa karibuni kinatakiwa kuwa cha kwanza kupimwa, hasa kama ni cha mtumba, na hasa kama kuna plagi iliyokatwa.

La pili ni kile kilichopimwa. Watu wengi waliiangalia feni ile. Wote waliuliza kama inazunguka. Kazi ya feni ni kupitisha hewa kwenye rejeta, na hakuna aliyepima hewa, ingawa kipimo chake ni kipande cha karatasi. Ni hivyohivyo kwa pampu ya maji inayozunguka huku mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu, na kwa temostati inayofunguka nusu. Ninawafundisha vijana kuuliza kitu hiki kimewekwa kifanye nini, halafu wapime hicho.

Maswali tuliyomuuliza dereva yalifanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote. Barabara ya Muheza linapoa, Kange linachemsha: maneno hayo yaliiondoa rejeta iliyoziba kabla hatujagusa kitu. Gereji iliyobadilisha rejeta ilikuwa na dereva yuleyule mbele yake.

Kipimo cha mipira miwili ni cha kuzoeza mkono hata bila kifaa, injini ikiwa imezimwa na feni imekatiwa umeme, maana feni ya umeme inaweza kuwaka funguo ikiwa imetolewa. Mpira wa chini baridi, tafuta maji. Yote miwili ya moto sawasawa, tafuta hewa. Kina mipaka yake: gari lisilo na temostati, kama hili lilivyokuja, maji hupita rejeta kasi na tofauti huwa ndogo hata feni ikiwa nzima. Ndiyo maana hatukusimama kwenye nyuzi 3 peke yake, tukaongeza jaribio la kupandisha mzunguko wa injini, na mwisho karatasi.

Kupindua waya kwanza na kuacha mengine kulituchelewesha, na gari lilikaa kwetu zaidi ya ilivyokuwa lazima kwa dereva anayelipwa kwa siku. Hata hivyo bila hatua hiyo tusingejua kwamba vumbi na mapengo ya kava yalikuwa na sehemu yao. Yangesafishwa pamoja na mengine, na mtu anayepita Pongwe kila wiki asingeambiwa kwamba nafasi kati ya kondensa na rejeta inahitaji kuoshwa, kutoka nyuma kuja mbele, kabla ya kila kiangazi.